Pwani ya California kwa kalamu nne: uanze na shajara ipi ya Kihispania?

Mwaka 1769 Wahispania waliondoka Baja California, rasi iliyo kusini mwa California ya leo, kuelekea kaskazini, wengine kwa merikebu, wengine kwa miguu na baghala, kwenda kwenye pwani ambayo taifa lao lilikuwa likidai ni mali yake kwa zaidi ya miaka mia mbili bila kuweka hata kibanda. Mpangaji wa safari alikuwa José de Gálvez, mkaguzi mkuu wa mfalme katika Hispania Mpya, yaani Mexico ya wakati ule. Alitaka Monterey ikaliwe haraka, kwa kuwa Madrid ilikuwa imeanza kuwahofia Warusi waliokuwa wakiwinda manyoya upande wa kaskazini. Bandari hiyo ilikuwa imesifiwa na Sebastián Vizcaíno mwaka 1602, na tangu hapo hakuna aliyekwenda kuhakikisha sifa zake.

Bahati yetu wasomaji ni kwamba msafara ule ulikuwa na zaidi ya mtu mmoja aliyeandika kila jioni. Kiongozi aliandika, mhandisi aliandika, na kasisi naye aliandika, wote wakiwa njia moja na kambi moja. Miaka sita baadaye msafara mwingine, ulioongozwa na Juan Bautista de Anza, ulileta familia nzima nzima kwenda kuanzisha San Francisco, nao ulikuwa na kasisi mwenye kalamu kali kuliko wote waliotangulia. Anayetaka kuisoma pwani ile kama ilivyoandikwa na watu waliokuwapo hukutana na majina manne mara moja: Portolá, Costansó, Crespí na Font. Hapo ndipo wengi hukwama. Wanachukua moja bila kuchagua, wanachoka ukurasa wa ishirini, wanaacha.

Nitaziweka shajara hizi nne pamoja, nizipime kwa vigezo vilevile, ili kila mtu aone ipi inajibu swali lake.

Vigezo

Cha kwanza ni msomaji aliyekusudiwa. Hakuna hata mmoja kati ya hawa wanne aliyejiandikia mwenyewe na kuficha daftari chini ya mto wa kulalia. Kila shajara ilikuwa inakwenda kwenye meza ya mtu fulani, na meza hiyo ndiyo iliyoamua kipi kiandikwe na kipi kiachwe. Kwangu hiki ndicho kigezo kizito kuliko vyote.

Cha pili ni mahali macho ya mwandishi yanapotua: maji, bandari, udongo, au watu.

Cha tatu ni wenyeji. Pwani ile ilikuwa na wenyewe: Wakumeyaay huko San Diego, Watongva mahali ilipo Los Angeles, Wachumash kwenye mlango bahari wa Santa Bárbara, Waohlone kuanzia Monterey hadi San Francisco. Wote wamo ndani ya shajara hizi, na hakuna hata moja waliyoiandika wao. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunaijua hali hiyo, maana miongoni mwa habari za Mombasa na Malindi za mwaka 1498 ni daftari la mgeni aliyekuwa katika msafara wa Vasco da Gama. Kwa hiyo naipima kila shajara kwa swali hili: je, mwenyeji anaonekana kama mtu mwenye nyumba, chakula na maamuzi yake, au ni hesabu tu ya vichwa?

Cha nne ni kusomeka: urefu, ugumu wa Kihispania chake, na matoleo yanayopatikana.

Jambo moja la kukumbuka kabla ya kuingia: umbali katika shajara hizi hupimwa kwa legua. Legua moja ya Hispania Mpya ilikuwa vara 5,000 (vara ni kipimo cha Kihispania cha urefu), takriban kilomita 4.2. Safari ya kawaida ya siku ilikuwa legua mbili au tatu. Ukilisahau hilo utadhani wanakimbia, kumbe wanatambaa na baghala waliosheheni mizigo.

Gaspar de Portolá: ripoti ya askari

*Iliandikwa isomwe na nani.* Portolá alikuwa ofisa Mkatalani, gavana wa Baja California, ambaye mwaka 1768 alisimamia kuondolewa kwa Wajesuiti kutoka rasi ile kwa amri ya mfalme. Alizoea kupokea amri na kutoa taarifa ya utekelezaji. Shajara yake ni taarifa ya aina hiyo kwa wakubwa wake: nimetumwa, nimekwenda, hivi ndivyo siku zilivyopita.

*Macho yake.* Saa za mwendo, hali ya njia, maji, malisho. Siku nyingi zimemalizwa kwa mistari miwili au mitatu. Ukizisoma mfululizo unauhisi mwendo wenyewe, jinsi kiongozi alivyokuwa akihesabu nguvu za wanyama na chakula kilichobaki. Hata hivyo kuna siku zinazomtoa kwenye ufupi wake. Tarehe 28 Julai 1769, kando ya mto unaoitwa leo Santa Ana, ardhi ilitetemeka kwa nguvu, naye anaeleza kwamba mtetemeko ulidumu nusu ya muda wa kusali Salamu Maria, kisha baada ya kitambo kidogo ukarudi kwa nguvu ndogo zaidi. Mtu aliyekuwa akipima mwendo kwa saa, siku hiyo alipima kwa sala.

*Wenyeji.* Anawataja kwa idadi na kwa zawadi: walikuja watu kadhaa, walileta nafaka au samaki. Ni kidogo, lakini ni ushahidi mzito. Ukiziunganisha siku hizo utaona kwamba msafara ule ulilishwa mara nyingi na watu ambao haukuwajua.

*Kusomeka.* Ni fupi kuliko zote na Kihispania chake ni chepesi, maana maneno yaleyale yanarudi kila siku. Ilichapwa mwaka 1909, Kihispania ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaoutazama, na toleo hilo linasomwa bure kwenye intaneti.

Inamfaa mtu anayetaka uti wa mgongo wa safari: tarehe, vituo, mwelekeo. Haimfai anayetaka kuiona nchi. Hata ghuba ya San Francisco, ambayo wawindaji wa msafara waliiona mapema mwezi Novemba, kwa Portolá ilikuwa kizuizi. Alikuwa akiitafuta Monterey na merikebu iliyobeba chakula, na mkono ule mkubwa wa bahari ulimfungia njia.

Miguel Costansó: macho ya mhandisi

*Iliandikwa isomwe na nani.* Costansó alizaliwa Barcelona mwaka 1741, akawa mhandisi wa jeshi. Kazi yake ilikuwa kupima, kuchora ramani na kuielezea nchi mpya kwa serikali. Alikuja kwa merikebu San Carlos iliyofika San Diego tarehe 29 Aprili 1769 baada ya siku 110 baharini, mabaharia wake wakiwa wameteketezwa na kiseyeye. San Antonio, iliyoondoka nyuma yake, ilikuwa imeshatangulia kufika tarehe 11 mwezi huohuo. Merikebu ya tatu, San José, haikufika kamwe. Anayetaka kuelewa gharama ya safari ile kwa maisha ya watu aanze kwa kurasa za Costansó kuhusu kambi ya wagonjwa San Diego.

*Macho yake.* Hapa maandishi yanatajirika. Costansó anaeleza mpangilio wa msafara: mbele kiongozi na maofisa, pamoja na Wenyeji Wakristo kutoka Baja California wenye majembe, mitaimbo na mashoka ya kufungua njia, katikati baghala wa mizigo katika makundi manne, nyuma farasi na baghala wa akiba wakilindwa na askari wa nahodha Rivera y Moncada. Anaeleza pia koti la ngozi la askari wa mpakani, lenye tabaka za ngozi ya paa hadi sita au saba, lililozuia mshale usipenye. Anapima latitudo, anaeleza milima na rasi kwa namna ambayo nahodha wa merikebu angeweza kuitumia. Ramani yake ilichongwa Madrid mwaka 1771.

Ni yeye pia anayekusaidia kuelewa kwa nini walifika kwenye ghuba ya Monterey karibu na tarehe 1 Oktoba wasiitambue. Maelezo ya zamani yalisema ni bandari iliyokingwa na pepo zote. Walichokiona ni ufuko mpana ulio wazi. Mhandisi aliamini vipimo vyake, na vipimo havikulingana na sifa.

*Wenyeji.* Kwa Wachumash, Costansó ni hazina. Anaeleza nyumba zao za mviringo kama nusu ya chungwa, ndani wakikaa familia kadhaa. Anasifu vikapu vyao na ufundi wao wa mawe na mbao. Anapofika kwenye vyombo vyao vya baharini anakwenda taratibu kabisa: mbao zilizochongwa, zikaunganishwa kwa kamba, maungio yakazibwa kwa lami, makasia yenye bapa pande zote mbili. Msomaji wa Lamu au Pate atasimama hapo. Ni mbao zilizoshonwa bila misumari, kama mtepe ulivyoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Askari walipomwona fundi akiunda chombo kimoja walipaita mahali pale La Carpintería, na jina hilo lipo hadi leo.

Hata siku ya tetemeko Costansó anaangalia watu. Anamtaja mwenyeji aliyekuwapo kambini, ambaye alimdhania kuwa kuhani wao, akilia na kuiomba mbingu huku akigeukia kila upande. Anakiri kwamba mtu yule hakushtuka kuliko Wahispania wenyewe.

*Kusomeka.* Kihispania chake ni safi, cha mtu aliyesoma, na sentensi zimepangwa. Lakini jihadhari, maana yapo maandishi mawili yenye jina lake. Moja ni shajara ya siku kwa siku, iliyochapwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1911. Lingine ni muhtasari wa safari za baharini na nchi kavu uliochapwa Mexico mwaka 1770. Muhtasari unasomeka kama makala, shajara inasomeka kama safari. Wengi hununua moja wakidhani wamepata nyingine.

Udhaifu wake ni ule wa kazi yake. Anaiandikia dola, na nchi nzuri kwake ni nchi itakayofaa kukaliwa na Wahispania. Anavisifu vyombo vya Wachumash kwa haki kabisa, lakini swali la nani mwenye pwani halimjii.

Juan Crespí: kasisi asiyechoka kuandika

*Iliandikwa isomwe na nani.* Crespí alikuwa Mfransisko wa Mallorca, aliyezaliwa mwaka 1721, mwanafunzi wa Junípero Serra, kasisi aliyeziongoza misheni za California. Aliwaandikia wakubwa wa shirika lake, wale ambao wangeamua misheni ijengwe wapi. Ndiyo maana kila kituo kwake ni swali: hapa pana maji ya kumwagilia? Kuni? Mawe? Wapagani wangapi wa kubatizwa?

*Macho yake.* Udongo, mito, mimea. Tarehe 2 Agosti 1769 alifika kwenye mto alioupa jina la Bibi Yetu wa Malaika wa Porciúncula, akaona mizabibu ya mwitu na mawaridi, akaandika kwamba bonde lile lina kila kinachohitajika kwa makazi makubwa. Ni Los Angeles. Mwezi Oktoba, karibu na mto Pájaro, aliandika kuhusu miti mirefu mno yenye rangi nyekundu, ambayo hakuna aliyeijua; ni kumbukumbu ya kwanza iliyoandikwa ya ile miti mikubwa ya California. Na alipoiona ghuba ya San Francisco, iliyomkera kiongozi wake, yeye alisema ni bandari ambayo manowari za mfalme pamoja na za Ulaya nzima zingeweza kujihifadhi humo.

Kwa majina ya mahali, hakuna wa kumfikia. Yeye aliweka jina la mtakatifu kila kituo, na pembeni akahifadhi jina walilotoa askari: La Gaviota kwa ajili ya shakwe waliyemuua, Oso Flaco kwa ajili ya dubu aliyekonda, Espada kwa ajili ya upanga ulioibwa kisha ukarudishwa, El Cojo kwa ajili ya chifu aliyechechemea, El Buchón kwa ajili ya chifu mwenye tezi la shingo. Ajabu ni kwamba majina mengi ya askari ndiyo yaliyoshika.

*Wenyeji.* Anawahesabu kwa matumaini ya kuwabatiza, lakini anakaa nao zaidi ya Portolá. Kutoka kwake tunapata jinsi watu wa pwani walivyoleta samaki wengi kupita mahitaji, na jinsi walivyocheza na kupiga filimbi usiku hadi wageni wakakosa usingizi. Msafara uliporudi Monterey tarehe 24 Mei 1770, ulikuta msalaba waliouacha umezungukwa na mishale na manyoya yaliyochomekwa ardhini, na samaki wametungikwa karibu. Crespí anaona heshima kwa Ukristo. Msomaji wa leo anaweza kuona kitu kingine: watu waliokuwa wakijaribu kuelewa alama iliyoachwa kwenye nchi yao na kuishughulikia kwa desturi zao. Uzuri wa Crespí ni kwamba anakupa maelezo ya kutosha hata upinge tafsiri yake.

*Kusomeka.* Hapa kuna kazi. Ni ndefu, inajirudia, sentensi zinavutana kama mtu anayesimulia akiwa bado anatembea. Tena yapo maandishi ya aina mbili. Kwa muda mrefu watu walimsoma kupitia Francisco Palóu, kasisi mwenzake, aliyeihariri shajara na kuipunguza. Mwaka 2001 Alan K. Brown alichapisha rasimu za awali za Crespí, Kihispania na Kiingereza pamoja, kitabu kikubwa kinachohitaji maktaba nzuri au mkoba wenye fedha. Tofauti si ndogo: rasimu zina maelezo ya watu na mimea yaliyokuwa yametoweka katika toleo la Palóu. Ukikutana na nukuu ya Crespí popote, uliza kwanza imetoka wapi.

Crespí anamfaa mtu wa mahali. Kama unaishi katika mji wa pwani kati ya San Diego na San Francisco na unataka kujua palikuwaje kabla ya lami na majengo, ni yeye. Kwa mtaalamu wa mimea au wa majina ya mahali vilevile. Kwa msomaji anayeanza, atakuwa mzito.

Pedro Font: sauti isiyojificha

*Iliandikwa isomwe na nani.* Font, Mfransisko kutoka Girona, alikuwa kasisi wa msafara wa Anza ulioondoka Tubac, katika Arizona ya leo, tarehe 23 Oktoba 1775 ukiwa na watu wapatao 240, wengi wao wanawake na watoto. Aliandika mara mbili. Shajara fupi aliikamilisha mwaka 1776, ikiwa taarifa rasmi. Ile ndefu aliimaliza mwaka 1777 huko Tubutama, Sonora, na humo akaeleza aliyoyanyamazia kwanza. Mwandiko wa hiyo ndefu uko Maktaba ya John Carter Brown, Providence, Marekani.

*Macho yake.* Watu, kwanza kabisa watu. Usiku wa kwanza baada ya kutoka Tubac mama mmoja alifariki akijifungua. Mkesha wa Krismasi mtoto mwingine alizaliwa njiani, kwenye baridi ya milima. Font anaugua safari nzima na anasema. Anamlalamikia Anza na anasema. Baada ya kulivuka jangwa, watu walipocheza ngoma usiku, mjane mmoja aliimba beti zilizomkera kasisi. Mwanamume aliyekuwa naye akampiga. Anza akatoka hemani kumkemea mwanamume. Font alimwambia kamanda amwache, anafanya vyema. Anza akajibu kwamba hawezi kuruhusu mambo hayo mbele yake. Font ameyaandika yote, jibu lililomshinda likiwemo. Katika shajara za 1769 hutapata tukio kama hilo.

Asidhaniwe ni mpiga soga tu. Alipima latitudo, alichora ramani, na mwisho wa Machi 1776, alipokuwa na Anza kwenye mlango wa San Francisco, aliandika sifa za bandari ile kwa moyo ambao hakuna shajara nyingine iliyoufikia, akiiita ajabu ya maumbile na bandari ya bandari.

*Wenyeji.* Hapa ndipo uamuzi unapokuwa mgumu. Font ana dharau ya wazi kwa watu wa jangwani, na msomaji anapaswa kujiandaa. Lakini mtu huyuhuyu anatuachia ushahidi mzito kuliko wote. Alipopita kwa Wachumash mwezi Februari 1776 aliona wanawake kwa shida, kwa sababu walijificha ndani ya nyumba. Akaandika sababu bila kuzunguka: maovu waliyotendewa na askari waliokuwa wakipita njia ile, hasa mwanzoni.

Ninakuomba uiweke kauli hiyo kando ya kurasa za Agosti 1769, zile za samaki, ngoma na filimbi. Ni pwani ileile, watu walewale, miaka isiyotimia saba. Portolá hawezi kukuonyesha badiliko hilo, wala Costansó, kwa kuwa waliondoka pamoja kwa merikebu mwaka 1770. Font alifika wakati deni limeanza kuiva. Katika safari hiyohiyo ndipo alipopata habari kwamba Wakumeyaay walikuwa wameichoma misheni ya San Diego mwezi Novemba 1775 na kumuua kasisi Luis Jayme.

*Kusomeka.* Shajara fupi ilichapwa mwaka 1913 kwa lugha mbili na inapatikana bure. Ile ndefu ilitafsiriwa kwa Kiingereza na Herbert Bolton mwaka 1930. Chuo Kikuu cha Oregon nacho kiliweka mtandaoni shajara za misafara ya Anza, Kihispania na Kiingereza. Kihispania cha Font kina uhai, mabishano na kejeli; kinampendeza anayekijua, kinamsumbua anayejifunza.

Nyingine mbili zilizo karibu

Shajara ya Junípero Serra, kutoka Loreto hadi San Diego, inaishia tarehe 1 Julai 1769, kwa hiyo haifiki kaskazini. Isome kwa ajili ya Serra mwenyewe. Maelezo ya Pedro Fages, ofisa wa msafara wa 1769, ya mwaka 1775 si shajara kamili bali ni ripoti iliyopangwa kwa maeneo, na kwa mila, vyakula na vyombo vya wenyeji inafaa mno kuwekwa kando ya Costansó.

Mwandiko wenyewe

Wapo wanaotaka kuiona wino wenyewe, si chapa. Ni shauku nzuri. Nakala za mkono zimesambaa, zikiwemo katika hifadhi ya nyaraka za taifa ya Mexico, Hifadhi ya Nyaraka za Indies huko Sevilla na Maktaba ya Bancroft, Berkeley. Mwandiko wa Kihispania wa karne ya 18 si mgumu kama wa karne ya 16, lakini una desturi zake. *Que* huwa herufi q yenye mkwaju, *dicho* huwa dho, b na v zinabadilishana nafasi, h inatokea na kupotea, na nukta ni chache. Usianze na picha ya mwandiko peke yake. Weka chapa pembeni, fuata siku moja unayoijua kwa moyo, kisha ondoa chapa ujaribu siku inayofuata. Kwa zoezi hilo, shajara fupi ina faida kuliko tamu.

Uchague kwa hali yako

Mwanafunzi mwenye wiki moja na insha ya kuandika achukue Costansó, shajara ya siku kwa siku, na awe na Portolá mezani kwa kuhakiki tarehe. Atapata nchi, watu na sababu bila kuzama.

Anayechunguza yaliyowapata wenyeji asisome moja. Asome Costansó kwa Agosti 1769, Crespí wa rasimu kwa siku hizohizo, kisha Font kwa Februari 1776, halafu atafute maandishi ya Wachumash na Waohlone wa leo wanaoelezea historia yao wenyewe. Bila hatua hiyo ya mwisho atakuwa amesikia upande mmoja kwa sauti tatu.

Anayeishi huko, Los Angeles, Oakland au San Diego, na anataka kujua mtaa wake, amtafute Crespí maktabani na asome kituo chake tu. Hakuna ulazima wa kumaliza kitabu.

Anayependa hadithi na tabia za watu aende moja kwa moja kwa Font, ile ndefu. Kama ni msomaji anayeumizwa na maneno ya dharau, aanze na ile fupi, kisha aamue.

Anayejifunza Kihispania aanze na Portolá, kwa sababu maneno yaleyale yanayorudi humfundisha bila kumchosha, Costansó afuate, Font abaki wa mwisho.

Na anayefikiria kutafsiri kwa Kiswahili, ushauri wangu ni asianze na shajara nzima. Achague siku tano ambazo Portolá, Costansó na Crespí wote wameziandika, tetemeko la tarehe 28 Julai likiwa mojawapo, azitafsiri sambamba, siku kwa siku. Matoleo ya 1909 na 1911 yanatosha kwa wawili wa kwanza. Kwa Crespí itabidi aombe maktaba ya chuo kikuu imtafutie toleo la 2001, na hiyo ndiyo sehemu itakayochukua muda, kwa hiyo aanze na ombi hilo.